Chokaa Tamu

Mikono iliyo kwenye jalada la kile kitabu ni ya mume wangu. Ukiitazama vizuri utaona kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Kiliumizwa na jiwe mwaka wa hamsini na mbili, kabla hatujaoana. Kitabu kimeuzwa mpaka Athene, kimewekwa kwenye madirisha ya maduka ya mji wa Ioannina, na watu wamekisifu wakasema hiyo ndiyo mikono ya fundi wa kweli. Mikono ndiyo. Maneno ya ndani si yake hata moja, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, maana yeye hakulieleza, na sasa amelala chini ya jiwe la kaburi alilolichonga mwenyewe mapema kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kulichonga.

Aliitwa Zisis Dovas. Vourtsiani, kwetu, ni kijiji cha waashi. Zamani wanaume wote waliondoka na kundi lao baada ya Pasaka, wakajenga nyumba za watu katika milima yote hii, wakarudi kwenye sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa mwezi wa kumi, nywele zikiwa nyeupe kwa chokaa. Sisi wanawake tulibaki kulima, kuzaa na kuzika. Zisis alikuwa fundi kuliko wote wa rika lake, na simsifu kwa kuwa ni wangu. Hata waliomchukia, na hawakuwa wachache kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa mkali, walimwita kona ya nyumba ilipokataa kufuata timazi.

Mwaka wa sitini na nne, saruji ilipokuwa imeshaanza kuwanyang'anya kazi, aliamua kuandika kitabu. Kila kitu kingekuwemo: mawe, chokaa, mapaa, meko, kona, madaraja. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Mimi nilimaliza shule ya msingi nikiwa na mwandiko ambao hata padri aliutumia kwa orodha ya marehemu wa kuombewa. Basi yeye alisema, mimi nikaandika, kwenye meza ya jikoni, mchana wa majira ya baridi, maharage yakichemka. Daftari moja likajaa, likaja la pili. Mwisho wa yote yalikuwa kumi na tisa.

Kitabu hakikuja. Kila nilipouliza lini, jibu lilikuwa neno moja tu, bado. Hakuwahi kujenga daraja la matao, wala baba yake hakujenga. Wa mwisho kujua kazi ile alikuwa babu yake. Zisis akaona kitabu cha uashi kisicho na madaraja ni aibu, akaanza kwenda kuyapima ya zamani kwa kamba, mkate na zeituni mfukoni, siku nne, siku kumi. Alipomaliza madaraja yakaja mapaa ya ng'ambo ya mto, ambayo huezekwa kwa namna nyingine. Mwaka mmoja alizunguka vijiji vitatu kwa miguu kuwauliza wazee jina la nyundo moja ndogo katika lugha ya siri ya mafundi, kama ni kunguru au kunguru jike. Vijiji viwili vilimwambia kunguru, cha tatu kikamwambia kunguru jike, na yeye akarudi na malengelenge. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Sasa sicheki.

"Asiyekijua kitu chote asikiandike," alikuwa akisema. "Nusu ya ukuta haiitwi ukuta."

"Nusu ya ukuta inazuia mbuzi," nilimjibu.

Hakupenda kujibiwa hivyo. Alikuwa anavuta daftari upande wake na kulifunga, na siku hiyo kazi ya kuandika ilikuwa imekwisha.

Hiyo lugha ya siri nilikuwa nikiisikia tangu utotoni. Waashi waliitumia mbele ya mwenye nyumba ili asielewe anachosemwa yeye, mke wake na chakula chake. Zaidi chakula. Mwenye nyumba ndiye aliyelisha kundi, na kwa chakula chake alipimwa. Aliyeleta jibini, na nyama siku ya Jumapili, alijengewa kwa chokaa kali: kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa kwa maji ikalala shimoni miaka miwili, vipimo viwili vya mchanga wa mtoni uliooshwa. Aliyeleta maharage yasiyo na mafuta wiki nzima, fundi mkuu alimgeukia mchanganyaji, kwa sauti ya upole, mwenye nyumba akisikiliza, akamwambia, "Mpikie tamu."

Tamu ilikuwa kipimo kimoja cha chokaa mbichi kwa sita vya udongo wa shambani. Inateleza vizuri kwenye mwiko, inang'aa, inampendeza mwenye mali. Inadumu baridi tano hivi, na kufikia hapo kundi lilikuwa limeshavuka milima mingine. Kulikuwa na wenye nyumba walioshukuru waliposikia wanapikiwa tamu. Nilikuwa mtoto nikiyacheka hayo pamoja na wengine, na ugali wetu wa majira ya baridi ulitoka humo, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu.

Bi Melpomeni Karra alikuja mwezi wa saba mwaka wa themanini na tatu. Alikuwa akiandika kwenye gazeti la Ioannina habari za harusi na mapambo ya nguo, na juu ya mawe hakujua lolote. Alisema hivyo mwenyewe, tena kabla hajaketi. Alikuja nyumbani kwetu kwanza, kwa kuwa kila aliyeuliza njiani alielekezwa kwa Zisis. Nilimpa cheri za sukari na maji ya baridi, kama anavyopewa mgeni, naye akamwomba Zisis amfundishe kiangazi kile. Yeye ataandika, na majina yao wawili yatakaa pamoja kwenye jalada.

"Bado sijui, mama," Zisis akamwambia. "Rudi baada ya miaka mitano."

Nilitaka kumtupia kitambaa cha vyombo. Miaka kumi na tisa ya kuandika mezani kwangu, na mtu amekuja na kalamu yake mpaka mlangoni, anaambiwa bado. Yule mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akaomba angalau apige picha mikono yake ikiwa imeshika nyundo. Hilo Zisis alilikubali. Mikono alikuwa na hakika nayo.

Basi Bi Melpomeni akaenda mkahawani, kwa wanaume wenye muda. Huko alimkuta mzee Fotis Lappas, mwenye miaka themanini, aliyechanganya chokaa maisha yake yote. Zisis naye alikuwepo, meza ya pembeni. Bi Melpomeni alimwuliza Fotis ni mchanganyiko gani mafundi wa zamani waliupenda kuliko yote. Fotis akamaliza kinywaji chake, akaweka uso wa kanisani, akamwambia, tamu. Akampa na vipimo, kimoja kwa sita, polepole, ili asikosee kuandika. Wanaume wote waliinamia vikombe vyao.

Zisis aliyasimulia haya kwangu jikoni akifuta machozi ya kicheko. Nilimwambia arudi akamweleze ukweli, yule mama amelala kwa padri na anaondoka kesho.

"Mwache," alisema. "Ukweli atakutana nao kwenye kitabu changu."

Kitabu cha yule mama kilitoka baada ya miaka miwili. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo, chenye picha za nyumba zetu kwenye theluji, na mikono ya mume wangu mbele. Kwenye dibaji aliandika kwamba yeye si mwashi, kwamba amekusanya alichopewa kabla wazee hawajaondoka nacho, na kwamba anayejua zaidi amwandikie amsahihishe, hata kama ni neno moja. Chini aliweka anwani yake, jina la mtaa na namba ya mlango.

Zisis alikisoma na penseli. Alipata makosa arobaini na moja, akayaandika kwenye pambizo, na lile la chokaa tamu alilipigia mstari mara mbili. Nikikumbuka, ile ndiyo baridi aliyokuwa na furaha kuliko zote. Alikuwa amepata mtu wa kumzidi. Alitembea nyumbani akinung'unika namba za kurasa, akala vizuri, akaniita Lambrini wangu mbele ya watu. Mwezi wa tatu aliketi peke yake akanakili makosa yote kwenye karatasi, kwa mkono wake, akanikataza kuangalia mpaka iwe safi. Kisha akanipa bahasha niandike anwani, kwa kuwa mwandiko wake ungempoteza tarishi. Nikaandika kwa mwandiko wa marehemu, kila herufi imesimama. Akabandika stempu akaenda nayo mjini Konitsa, kwenye posta.

Sikumwuliza kama ameituma. Mtu aliyekwenda mjini na bahasha yenye stempu anaulizwa nini?

Jibu halikuja. Wala kiangazi kile halikuja, wala mwaka uliofuata, na kitabu kilichapwa mara ya pili na tamu yake ile ile. Nilimchukia yule mama. Nilimchukia hasa kwa ile dibaji, ya kuomba asahihishwe halafu asijibu. Nilisema hayo mbele ya Zisis mara nyingi, tukila, tukipalilia, na yeye alinyamaza, na mimi niliona ukimya wake ni wa mtu aliyedharauliwa.

Sasa nije kwa Evanthia. Alikuwa dada yake Zisis, mjane, mdogo wake kwa miaka mitatu, mwenye kuku kumi na moja na ulimi wa familia yao. Nyumba yake iko chini kabisa ya ua wa kanisa, na udongo wa ua ule ulizuiwa na ukuta mrefu, urefu wa watu watatu na zaidi, uliojengwa na baba yao. Mwaka wa tisini na moja ukuta ule ulikuwa umetoa tumbo. Ofisi moja ya serikali ikatuma wajenzi waubomoe na kuujenga upya kwa namna ya asili, kama karatasi zao zilivyosema. Zisis hakuwepo. Alikuwa amekwenda kupima daraja, siku kumi na moja.

Aliporudi ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Aliweka begi chini hapo hapo, akachota chokaa kwenye karai kwa kidole, akaisugua kwenye meno. Nilikuwepo na Evanthia, tumewaletea wajenzi maji.

"Hii ni tamu," alisema.

Mhandisi wao, jina lake Loukas, kijana mpole mwenye miwani, alifurahi. "Ndiyo, mzee. Tamu kabisa, kama ya mababu zenu. Tumefuata kitabu."

"Tamu ni ya kumwibia mtu."

Loukas akadhani hajasikia vizuri. Akaenda kwenye gari akarudi na kitabu, akafungua ukurasa wa hamsini na nane, akaonyesha kwa kidole, kisha akakifunga na kutazama jalada, akatazama mikono ya Zisis yenye vumbi la njiani.

"Si hii ni mikono yako, mzee?"

"Mikono ni yangu. Maneno siyo."

"Basi yako yako wapi?"

Aliuliza kwa heshima. Zisis akamweleza yote, maharage, mafuta, fundi mkuu, mwenye nyumba. Na alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mzee wa mkahawani anayechekesha wageni. Mwishowe Loukas akamwambia amwandikie ukurasa mmoja tu, vipimo vilivyo sahihi na sababu yake, atie sahihi yake kama fundi. Kwa ukurasa huo angesimamisha kazi Jumatatu. Maneno ya mdomo asingeweza kuyapeleka kwa wakubwa wake. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa nilitoa daftari jipya, nikachonga penseli. Zisis akasema, "Andika: chokaa ya ukuta wa kuzuia udongo." Nikaandika. Akakaa. Akasema, "Futa." Kipimo cha nyumba alikijua hata usingizini, lakini huu ulikuwa ukuta wenye udongo mbichi mgongoni, na baba yake alipoujenga yeye alikuwa na miaka minane, alikumbuka kama vile kulitiwa unga wa matofali ndani, na alikumbuka kama vile hakukutiwa. Hakutaka kutia sahihi yake chini ya kama vile. Jumamosi tuliandika mara tano tukafuta mara tano. Nilimsihi aandike kwamba tamu ni mbovu, aishie hapo, sahihi ni ipi watatafuta wenyewe. Akaniambia anayesema kosa bila kujua sahihi naye ni mjinga mwenzake.

Jumapili, kanisa lilipotoka, Evanthia alikuja na pai ya mboga za porini.

"Kaka, naambiwa ukuta wangu ni mbovu."

"Mbovu."

"Basi waambie."

"Naandika."

"Unaandika tangu mimi nina meno," Evanthia akasema, akakata pai, akampa kipande kikubwa. Nilicheka, na hata Zisis alitabasamu kidogo. Tuliamini kwamba Jumatatu ukurasa utakuwepo.

Jumatatu alfajiri alikuwa amekaa mbele ya karatasi iliyo tupu. Nilichukua nyingine nikaandika mwenyewe, mstari mmoja: hii chokaa mnayoita tamu mafundi waliitumia kuwadanganya watu, na ukuta huu utaanguka juu ya nyumba ya Evanthia. Nikaiweka mbele ya Zisis atie sahihi. Aliisoma mara mbili.

"Utaanguka lini?" akaniuliza. "Unajua?"

"Sijui."

"Basi unaandikaje?"

Nikaenda nayo bila sahihi. Loukas aliisoma amesimama kando ya karai.

"Wewe ni fundi, mama?"

"Hapana. Nimemwandikia fundi miaka ishirini na saba."

"Na yeye ametia sahihi wapi?"

Nikamwambia kwamba aliyeandika kitabu kile ameshaambiwa, ana barua ya Zisis tangu mwaka wa themanini na sita, yenye makosa yote. Akasema kwa upole kwamba ingekuwa hivyo, kitabu kingekuwa kimesahihishwa kilipochapwa tena. Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu picha ya mtoto wake, na nyuma yake wale wajenzi wakaendelea kuchanganya, kimoja kwa sita.

Nilirudi nyumbani nimekasirika kiasi kwamba sikumpikia. Jambo la kweli lililoandikwa na asiyejua lilikuwa mfukoni mwangu, halina thamani. La uongo, lililoandikwa na asiyejua mwenzangu, lilikuwa linajenga ukuta.

Mvua zilipoanza, Zisis alimleta Evanthia kwetu kwa nguvu. Baridi ya kwanza alikaa, ya pili akakaa huku akitukana, ya tatu akakataa. Alisema ameishi chini ya ukuta wa baba yake miaka yote, na kuku hawawezi kusubiri kitabu kiishe. Kila baada ya mvua Zisis alishuka kupapasa mawe kwa viganja, akarudi akisema unapumua, unapumua. Alitaka kuandika kwa mtu, nani sijui. Alitoa daftari, akalirudisha.

Ulianguka mwezi wa pili mwaka wa tisini na sita, saa tano asubuhi, baada ya mvua ya siku tisa. Baridi ya tano. Tamu haikukosea hesabu yake. Evanthia alikuwa kwenye banda la kuku. Tulichimba mpaka mchana ukapita, kijiji kizima, na Zisis alichimba kwa mikono mitupu, ile ile ya kwenye jalada, akitupa jiwe baada ya jiwe. Hayakuwa yameshikana na chochote, chokaa ilitoka kati yao laini kama unga wa mkate. Alipompata alimfunika uso kwa koti lake, akaketi kando. Hakulia. Nililia mimi, kwa ajili yangu na yake.

Kwenye kumbukumbu ya siku arobaini Bi Melpomeni alikuja. Alikuwa amezeeka, amevaa nyeusi, amesoma habari kwenye gazeti lake mwenyewe. Alipokea kwenye kiganja ngano ya marehemu, ile inayochemshwa na kugawiwa kwenye kumbukumbu, kama kila mtu, kisha akaja kwenye meza yetu, akasimama mbele ya mume wangu.

"Fundi Zisis," akasema, "nilikuja kwako kwanza."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anayehesabu siku na kuona imekosekana moja. Zisis alikuwa anatazama kikombe chake cha kahawa, na mimi ndiye niliyesimama.

"Na barua?" nikamwuliza. "Makosa arobaini na moja. Aliyaandika, nimeandika anwani kwa mkono wangu huu. Uliomba usahihishwe, ukasahihishwa, ukakaa kimya miaka kumi."

"Barua gani, mama?"

Nikamwita mwongo. Nilimwita mwongo mbele ya padri na wanawake wote, nikamwambia amemzika wifi yangu kwa wino, na kwamba asiyejua kazi ya watu aandike habari za kitambaa chake cha harusi. Mengine siyarudii. Hakujitetea. Alimtazama Zisis kwa muda mrefu, na Zisis hakuinua macho. Kisha akanigeukia.

"Huenda ilipotea posta," akasema, akafunga ngano yake kwenye leso, akaenda zake.

Niliwaambia wanawake, mmeona wasomi? Nao wakatikisa vichwa.

Zisis hakugusa daftari tena. Aliishi miaka miwili na miezi tisa, akikaa dirishani upande usioona kanisa, mpaka kifua kikammaliza. Chokaa huwarudia wote kifuani. Mwishoni nilimuuliza kama nimpe padri yale madaftari. Akasema bado.

Baada ya siku zake arobaini nilifungua sanduku alimoyaweka madaftari. Yalikuwa kumi na tisa kama nilivyojua, na ndani ya lile la mwisho kulikuwa na bahasha. Niliutambua mwandiko kabla sijaitambua bahasha, kwa kuwa ulikuwa wangu: Bi Melpomeni Karra, jina la mtaa, namba ya mlango, kila herufi imesimama. Stempu ilikuwepo, ya bei ya mwaka ule. Haikuwa imefungwa.

Nilikaa kitandani nikaisoma yote, kurasa nne za mwandiko wake wa kuku, alioutengeneza kwa jasho ili usomeke. Namba tatu ilisema: "Ukurasa wa 58. Chokaa tamu si ya mafundi, ni ya kumdanganya mwenye nyumba. Asiitumie mtu yeyote, hasa kwenye ukuta wenye watu chini yake." Kando ameweka alama, yaani hii imekwisha, ana hakika nayo. Karibu zote zilikuwa na alama. Mwishoni kabisa, chini ya sahihi na tarehe, aliongeza kwa penseli: "Isitumwe kabla ya kuhakikisha namba 17."

Nikarudi nyuma kutafuta namba kumi na saba. Ilikuwa ile nyundo ndogo. Kunguru, au kunguru jike.

Nilitaja jina lake kwa sauti, kama mtu anavyotukana. Kisha niliandika karatasi moja ya kumwomba radhi Bi Melpomeni kwa yale niliyomwambia siku ile, ambayo aliyameza akijua, ili mume wangu asiaibike mbele ya kaburi la dada yake. Nikaitia ndani pamoja na zile nne. Nikabandika stempu mpya kando ya ile ya zamani, nikafunga, nikaipeleka Konitsa mwenyewe, nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta na kusikia inagonga chini. Namba kumi na saba sikuihakikisha.